Mwalimu Asiyekanyaga Barafu

Wewe unayenisikiliza, pengine barafu kubwa uliyowahi kuiona ni ile ya kwenye jagi la sharubati. Usione haya. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipopita miaka ishirini, na leo kufundisha watoto kuteleza juu ya barafu ndiyo kazi yangu. Nitakueleza pole pole, na pale usipoelewa kosa litakuwa langu, si lako. Ila nakuonya mapema: mtu ninayetaka kukuchorea nilimkosea, na siwezi kukusimulia uzuri wake bila ya kufika kwenye ubaya wangu.

Tulimwita Bi Mwalimu. Jina lake nalijua kama ninavyolijua langu, lakini mtu uliyemnyamazia alipokuhitaji, huna haki ya kulitembeza jina lake kwa wasiomjua. Kwa hivyo atabaki Bi Mwalimu.

Uwanja wa barafu hapa Maskati, Omani, si ajabu tena. Nje mlango wa gari unakuunguza vidole, ndani meno yanagongana. Bi Mwalimu alikuwa akikaa ukingoni, kwenye kiti cha plastiki, koti la sufi juu ya abaya, soksi mbili mbili, chupa ya kahwa katikati ya miguu. Alichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Chini ya kiti chake palikuwa na mkeka wa mpira, na mkeka ule uliishia pale barafu ilipoanzia. Miguu yake ilikaa shubiri moja kabla ya mwisho wa mkeka, wala haikusogea. Siku moja glavu ya mtoto ilianguka ndani, hatua moja tu kutoka kwake. Mtu mwingine angeinama akaiokota. Yeye aliomba fagio, akaivuta glavu kwa fagio mpaka ikafika.

Wasichana walikuwa wakimcheka kwa mapenzi. "Bi Mwalimu anaogopa kuanguka," walisema. Yeye akiwajibu, "Nnaogopa nyinyi mtaanguka kwa kunicheka. Haya, duara!"

Duara. Hapo ndipo somo lake lilipoanzia na, kwa maoni ya wazazi wengi, hapo ndipo lilipokwama. Nikueleze. Chuma kilicho chini ya kiatu cha barafu si kama kisu. Tumboni mwake kina mfereji mwembamba, na mfereji ule unaacha makali pande mbili, ya nje na ya ndani. Ukiegemea makali ya nje, mguu unakuchukua kwenye duara la upande mmoja. Ukiegemea ya ndani, duara linageukia upande wa pili. Hakuna kwenda moja kwa moja katika mchezo huu. Kila kitu unachokiona wachezaji wakifanya, hata mruko wa kutisha kabisa, ni kipande cha duara. Bi Mwalimu alitaka mtoto achore duara zima kwa mguu mmoja, abadilishe mguu, achore la pili likutane na la kwanza, itoke nane. Kisha arudie juu ya mstari ule ule. Kisha tena. Mistari mitatu iwe kama mmoja.

Gari la kulainisha barafu likishapita asubuhi, alikuwa akimwomba dereva wa gari hilo asiruhusu mtu kuingia mpaka wasichana wake wamalize. Barafu ikiwa safi, mchoro unaonekana kama mstari wa penseli kwenye karatasi. Akinituma mimi, Zuwena, msaidizi wake aliyemfundisha mwenyewe, nikapige goti, nisogeze uso mpaka karibu na barafu, nimwambie nilichokiona.

"Imetetemeka wapi?"

"Kwenye mabega ya nane, Bi Mwalimu. Karibu na pale maduara yanapokutana."

"Ameangalia pembeni. Mwambie asiangalie pembeni. Nani kapita?"

"Mamake."

"Basi mwambie mamake."

Alikuwa mchoyo wa sifa. Neno lake la juu kabisa lilikuwa "si mbaya". Mtoto akiambiwa "si mbaya" alirudi nyumbani akiruka ngazi mbili mbili. Lakini huyu huyu mchoyo wa sifa alikuwa karimu wa hadithi, na hadithi zake zote zilikuwa za wanawake wa barafu. Hakuwataja majina. Alisema majina ya kigeni yanawafanya watoto wafikiri mambo yale yalitokea mbali.

"Zamani," alikuwa akiwaambia wakati wanafunga kamba za viatu, "mashindano ya dunia yalikuwa ya wanaume. Si kwamba kanuni iliandika mwanamke marufuku. Hakuna hata aliyefikiria kuandika. Nyinyi kwenu mmeandika ukutani kuwa paka haruhusiwi kuendesha gari?"

"Laa!"

"Basi ndiyo hivyo. Akatokea mwanamke mmoja, akaisoma kanuni yote, akaona hakukatazwa. Akenda kujiandikisha. Wakatazamana, wakatafuta pa kumkatalia, hawakupaona. Akacheza na wanaume, akawa wa pili."

"Wa kwanza nani?" Huyo ni Shamsa, msichana wa miaka tisa, mdomo wake haukupoa hata kwenye baridi.

"Mwanamme mmoja. Tuendelee."

Wakubwa wa mchezo, alieleza, walikutana upesi wakaufunga mlango, na sababu walizozitoa zilikuwa tatu: sketi ndefu inaficha miguu na mwamuzi hawezi kuhukumu asichokiona, mwamuzi anaweza kumhukumu msichana aliyempenda, na mwanamke hawezi kulinganishwa na mwanamme. Bi Mwalimu alikuwa akizihesabu kwa vidole, na kwenye ya pili alikuwa akisita, akitazama wasichana. "Yaani mwanamme ameshindwa kuyatuliza macho yake, anayetolewa nje ni nani?" Miaka michache baadaye wakawafungulia wanawake mashindano yao peke yao. "Wakamtoa sebuleni, kisha wakamjengea banda uani, wakataka ashukuru. Naye akalifanya banda likapendwa kuliko sebule."

Sketi zikafupishwa ili miguu ionekane. "Watu wale wale wakasema sasa miguu inaonekana mno," alisema, na hapo hakuwa akicheka.

Michoro ile ya nane, kwa miaka mingi, ndiyo iliyobeba alama nyingi katika mashindano ya wanawake. Waamuzi wakishuka kwenye barafu na makoti yao, wakiinama, wengine wakipiga goti, kutafuta kama mistari mitatu imekuwa mmoja. Mwanamke aliyechora vizuri aliweza kuwa ameshashinda kabla muziki haujapigwa. Ikaja televisheni. Watazamaji wakamwona mmoja anacheza vizuri na mwingine anapewa taji, wasielewe kwa nini. Michoro ikapunguziwa alama, ikapunguziwa tena, mwisho ikafutwa kabisa. "Mwamuzi alikuwa akipiga goti kuutazama mchoro," alisema Bi Mwalimu. "Televisheni haipigi goti."

Usidhani kwa hayo alikuwa mtu wa zamani anayelaani kila kipya. Alikuwa kigeugeu, na hilo ndilo nililolipenda. Akiangalia mashindano kwenye simu yake, aliguna kila msichana aliporuka: "Hii sarakasi sasa." Lakini wasichana walipoanza kuzunguka mara nne hewani, jambo lililokuwa la wanaume tu, nilimsikia akipiga kelele peke yake ukingoni mpaka dereva wa gari la barafu akazima injini akidhani mtu ameumia. "Kaenda nne! Zuwena, kaenda nne! Mtoto wa watu huyo, mwacheni ale wali kwanza!" Kisha machozi yakamtoka, kwa sababu msichana yule alikuwa mwembamba kama ufito, na Bi Mwalimu alijua mifupa ile haitadumu. Zilipoanza kusikika habari za kupandisha umri wa kuingia mashindano ya wakubwa, aliniletea halua.

Alikuwa akisema uongo kuhusu umri wake bila aibu yoyote, lakini mtoto akimwambia "nimefanya mara kumi" na amefanya saba, hakuongea naye siku nzima. Aliwasema vibaya wachezaji wa nchi fulani, kisha nikamkuta anamwombea dua mmoja wao aliyeanguka.

Tulikwenda pamoja mtaa wa Hamriya kushonesha nguo. Fundi wetu hakuelewa kwa nini suruali iwe chini na sketi iwe juu. Bi Mwalimu alimweleza kwa Kiarabu, kwa Kihindi cha dukani, na mwisho kwa mkasi. Wasichana wetu walitaka kufunikwa na walitaka kuonekana vizuri, na yeye aliona yote mawili ni haki yao. "Kanuni sasa inaruhusu suruali," alimwambia fundi, "na hata isingeruhusu, mimi ningeisoma yote kwanza."

Na tulikwenda Ghala, mtaa wa magereji, kunoa vyuma. Hapakuwa na mtu wa kazi ile, basi alimchukua fundi mmoja wa Kipakistani, mnoaji wa visu vya wachinjaji, akamfundisha mwenyewe. Akivikagua kwa kukwaruza ukucha: makali yakitoa unga mweupe wa ukucha pande zote mbili sawa sawa, kazi imekubaliwa. Yakitoa upande mmoja zaidi, fundi anarudia. Yule fundi alikuwa akimwita "Apa", dada mkubwa, na akimwogopa kuliko polisi.

Ilikuwa katika kuondoka Ghala, siku moja ya Alkhamisi mchana. Gari lilikuwa limesimama bado mbele ya duka la fundi, kiyoyozi kinavuma, viatu vya watoto vimejaa kiti cha nyuma. Nilimuuliza kwa mzaha, "Bi Mwalimu, ukucha wako unajua kuliko mimi. Umejifunza wapi?"

Alipunguza kiyoyozi. Kisha akasema, "Nnakuwekea amana."

Hapa nisimame nikueleze, kwa sababu kila kitu kinategemea neno hili. Katika nyumba zetu za watu waliotoka Unguja, mtu akikwambia "nnakuwekea amana" kabla ya kusema jambo, jambo lile si lako. Huliongezi, hulipunguzi, humwambii mume wala mama, mpaka mwenyewe akuambie amelichukua. Tumelelewa hivyo. Ni katika mambo mazuri tuliyonayo.

Akaniambia. Alipokuwa msichana alipelekwa kusoma kemia katika nchi ya baridi. Karibu na bweni lao palikuwa na ziwa, na majira ya baridi ziwa liliganda. Alianza kwa kuanguka, akaendelea kwa ukaidi. Mwaka wa tatu aliingia mashindano ya mji ule, mashindano ya kweli, na wasichana kutoka nchi kadhaa waliokuwa wakisoma pale. Katika michoro akawa wa pili.

"Wa pili," nikasema, nikikumbuka hadithi yake ya yule mwanamke wa kwanza.

"Wa pili," akasema. "Wakanipiga picha. Sketi ya kuazima, mpaka hapa." Akaonyesha juu ya goti. Picha ile ilisafiri kuliko yeye. Ilifika kwa babake kabla ya barua yake. Babake hakugomba. Aliandika kurasa mbili za upole zilizomuumiza kuliko kugomba, na yeye akajibu kwa kuapa: mguu wangu hautakanyaga tena barafu. Mzee akafa kabla hawajaonana.

"Lakini kiapo kina kafara," nikasema. "Ungelisha maskini kumi, na ukikosa ungefunga siku tatu tu."

"Kafara naijua, mwanangu. Ingekuwa nimeapa kwa kumwogopa Mungu, ningefunga. Mimi niliapa kwa kumpenda baba. Hiyo haina kafara. Niliyemwapia kenda na funguo."

Kisha akasema kwamba watoto wa kaka zake wanajulikana hapa mjini, baadhi ya wazazi wa wasichana wetu ni wakwe zao, na picha ile bado inaweza kutembea. Nisiseme. Nikamwahidi. Nilijisikia kama nimevishwa pete.

Sasa tufike nisikotaka kufika.

Mwaka uliofuata wazazi walianza kunung'unika. Wasichana wa nchi jirani wanaruka, wetu wanachora nane. Kulikuwa na mashindano ya watoto yanakuja huko, na wazazi walitaka watoto wao waende wakiruka. Siku tatu kabla ya mkutano, meneja wa uwanja aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema, hakutaka ugomvi. Aliniuliza kama nitaweza kuwachukua wasichana wote, niwafundishe miruko, Bi Mwalimu apumzishwe kwa heshima. Nikasema nitafikiria. Nilisema nitafikiria, lakini usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua nitavaa koti gani siku ya kwanza ya darasa.

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha juu, panapowekwa viatu vya kukodisha. Wazazi kumi na wawili, meneja, mimi, na Bi Mwalimu na chupa yake ya kahwa. Maneno yalizunguka kwa adabu, kama kawaida yetu, mpaka mamake Shamsa akapasua jipu.

"Bi Mwalimu, samahani, sikuvunjii heshima. Sisi tunakupenda. Lakini nnataka kuuliza: wewe mwenyewe umewahi kuteleza?"

Bi Mwalimu alikiweka kikombe chake chini. Alinitazama. Hakuniomba kitu. Alinitazama kama mtu anavyotazama mahali alipoweka kitu chake, kuhakikisha bado kipo.

Mimi nikatazama kikombe changu.

"Mguu wangu," akasema Bi Mwalimu, "haujakanyaga barafu ya Maskati."

Ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeisikia jinsi ilivyopimwa. Baba mmoja akacheka, "Basi ni mpishi asiyeonja." Wengine wakacheka naye, si kwa ubaya, kwa kupunguza uzito. Meneja akashika hapo hapo: akamshukuru Bi Mwalimu kwa miaka yake, akasema Zuwena atalishika darasa. Wakanipigia makofi. Nikatabasamu. Makofi yale mpaka leo nikiyakumbuka nafumba macho.

Kwa miaka nilijiambia: nilikuwa nimefungwa na amana. Ningesemaje? Uone jinsi uzuri tuliolelewa nao unavyoweza kugeuzwa pazia. Amana ilinikataza kutaja ziwa, sketi na picha. Haikunikataza kusema: "Mimi nimesimama juu ya barafu kwa sababu ya huyu. Anajua kuliko sote tuliomo humu, nami sitalichukua darasa lake." Maneno hayo hayakuwa siri ya mtu. Yalikuwa yangu, na sikuyatoa, kwa sababu nililitaka lile darasa. Mamake Shamsa aliuliza swali moja, mimi nikauza jibu.

Nikawafundisha miruko. Nane nikaipa dakika kumi, kisha tano. Tulikwenda kwenye mashindano, Shamsa akaruka vizuri, akapigiwa kelele, akarudi na medali ya shaba. Miezi michache baadaye alitua vibaya, makali ya ndani badala ya nje, kosa la mtu ambaye hajui amesimama juu ya nini. Kifundo cha mguu kikavunjika. Akaacha. Nilikwenda kumtazama hospitali na matunda, na mamake akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru, unasikia?

Miaka saba ilipita. Bi Mwalimu alihamia Sib, nje kidogo ya mji, kwa mtoto wa dada yake. Nilimpigia simu kwenye Idi, simu fupi za Idi. Mwaka huu, nikiangalia mashindano ya dunia kwa simu pale uwanjani, niliona msichana aliyecheza bila ya papara, mikono yake imetulia, kila mruko umezaliwa kwenye duara lake. Nikajikuta nimegeuka ukingoni kutafuta kiti cha plastiki. Wiki ile ile, asubuhi ya Jumamosi, nikaendesha gari mpaka Sib.

Mlango alinifungulia Rehema, dada wa kazi, mtu wa Singida. Akageuka akasema kwa sauti, "Bibi, mgeni wako ameshuka sasa! Amekaa garini lisaa lizima, nilikuwa namwona dirishani. Nilidhani ni wa kampuni ya umeme."

"Wa umeme hakai lisaa," ikajibu sauti ya ndani. "Huyo ni Zuwena."

Alikuwa amepungua, na macho yamepata ukungu, lakini koti lilikuwepo begani ingawa kiyoyozi kilizimwa. Nikambusu mkono na kichwa. Rehema akaleta kahwa na tende. Tukazungumza juu ya yule msichana wa mashindano. Alikuwa hakumwona vizuri, Rehema alimsimulia.

"Alinisimulia ovyo," akasema Bi Mwalimu. "Kazunguka, kazunguka, kaanguka kidogo, nguo ya buluu."

"Sasa Bibi mimi nitajua nini? Kwetu Singida barafu tunauziwa kwenye vifuko!"

Tukacheka sote. Na kwa sababu tumecheka nikaona ndio wakati. Nikashuka kwenye kochi, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikasema, "Bi Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Ile siku ya mkutano."

"Nnajua kilichokuleta. Lisaa zima garini, mtu haji kuleta tende."

"Nilinyamaza. Nikajidai ni amana. Nilikuwa nimeshaongea na meneja siku tatu kabla."

Hilo hakulijua. Nililiona likiingia. Mkono wake ukaacha kuzungusha kikombe, na Rehema akatoka polepole kwenda jikoni bila ya kuambiwa.

"Siku tatu," akasema.

"Siku tatu."

"Mimi miaka yote hii nnakutetea moyoni. Nnasema mtoto yule kashika amana yangu mpaka ikamkaba." Akavuta pumzi. "Haya. Waliokuwemo chumbani walikuwa wangapi?"

"Wazazi kumi na wawili. Na meneja, kesharudi kwao."

"Na hapa tuko wangapi?"

Nikatazama mlango wa jikoni.

"Umenivunjia mbele ya watu kumi na wawili, unakuja kuniunga mbele ya mtu wa Singida aliye jikoni. Hiyo radhi au siri nyengine?" Sauti yake haikupanda. "Amana yangu nnaichukua. Nimeshaichukua. Watoto wa kaka zangu wana umri wa kustahamili picha ya shangazi yao. Simu unayo?"

"Nnayo."

"Mpigie mamake Shamsa."

"Sasa hivi, Bi Mwalimu? Labda nimwandikie kwanza, nimtayarishe..."

"Mpigie. Sauti iwe juu, nami nisikie."

Nikaitafuta namba, nikaweka sauti juu. Simu ikaita mara nne. Mamake Shamsa akapokea kwa furaha, akaniuliza hali, mama, watoto. Nikamjibu vyote. Kisha nikamwambia. Nikamwambia kuwa alipouliza swali lake siku ile, jibu lilikuwa ndiyo. Bi Mwalimu aliteleza, alishindana, na katika michoro alikuwa wa pili. Kiapo kwa babake ndicho kilichomweka ukingoni.

Nilisikia maji yakimwagika kwenye sinki upande wake, kisha bomba likafungwa.

"Na wewe siku ile ulijua?"

Bi Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Nilijua," nikasema. "Na darasa nilikuwa nimeshaahidiwa."

"Kwa hivyo Shamsa wangu..." Hakuimaliza. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mimi niliuliza kwa kutojua, Zuwena. Miaka saba nnaona haya kwa swali lile, kuwa nilimfedhehesha mtu mzima. Wewe ulikaa pale ukaniacha niulize." Na simu ikakatika.

Nilibaki nimeishika. Nilitaka Bi Mwalimu aniwekee mkono kichwani. Hakuniwekea. Alijimiminia kahwa, kwa kupapasa, akanywa.

"Wamebaki wangapi?" akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Endelea."

Nikaendelea. Wanne walipokea siku ile, nikiwa pale pale chini. Mmoja aliniambia hakumbuki mkutano wowote. Yule baba wa maneno ya mpishi asiyeonja alilia, kisha akaomba namba ya Bi Mwalimu, na nikamtazama mwenyewe, naye akaitikia kwa kichwa: mpe. Waliobaki niliwatafuta wiki mbili, mmoja mpaka Salala, kusini kabisa mwa nchi. Nilipomaliza nilimpigia Bi Mwalimu kumwambia, akasema, "Si mbaya," lakini sijui bado kama alikuwa akinisifu, au alikuwa amechoka tu anataka kulala. Mamake Shamsa hajanipigia. Naye ana haki.

Nawe kama una jambo la namna hii, usianze kwa barua, wala usianze na yule uliyemkosea peke yake. Chukua karatasi sasa, andika majina ya wote waliokuwepo chumbani, weka juu kabisa jina la yule unayemwogopa zaidi, kisha mpigie huyo kwanza, na sentensi yako ya kwanza iwe: "Nilijua."